Sukari inayoshuka usiku nayo muiandike

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua, kuna jambo limenikaa moyoni muda mrefu na makala yenu ya kisukari ndo imenisukuma niandike. Makala ilikuwa nzuri sikatai, mmeongelea macho, figo, vidonda vya miguu, mkasema watu wapime mapema, sawa kabisa, ila nimeisoma mwanzo mpaka mwisho natafuta mlipoongelea sukari kushuka nikakuta sentensi moja tu, afu sukari kushuka usiku mtu kalala hamna hata neno. Na nyumbani kwangu hiyo ndo ilitaka kunifanya mjane.

Mume wangu ana kisukari cha aina ya kwanza, anajichoma insulini, ile sindano ya kushusha sukari, mwaka wa 11 huu. Usiku ule niliamshwa na ubaridi, shuka limelowa chapachapa, nikadhani kuna maji yamemwagika kitandani. Nikapeleka mkono mgongoni kwake, baridi, na jasho linamtiririka utadhani katoka kuoga sasa hivi, huku anaweweseka, anaita majina ya watu, anasaga meno. Nikamtikisa akafumbua macho akaniangalia kama hanijui, nikamuuliza mimi nani, akanijibu kwa ukali "niache nilale." Sasa mume wangu sio mtu wa ukali, miaka yote hiyo sijawahi kusikia sauti ile, na nasema ukweli kilichonishtua ni ule ukali kuliko hata jasho. Nikawasha taa nikachukua mashine, nikamtoboa kidole anavuta mkono, namshika, nasubiri namba itokee. 2.1. Ilikuwa saa tisa kasoro dakika 10.

Kwa wasiojua hizo namba, sukari ikiwa chini ya 3.9 (milimoli kwa lita) inahesabiwa imeshuka (kwenye mashine zinazosoma kwa kipimo kingine, miligramu kwa desilita, ni chini ya 70), ikifika chini ya 3.0 yaani 54 hapo ni hatari kweli, manake ubongo hauna ghala la maana la sukari, unategemea inayopita kwenye damu dakika kwa dakika. Ikipungua mtu anachanganyikiwa, anakuwa mkali au analia bila sababu, anaongea vitu havieleweki, ikizidi anakakamaa na kurusha mikono na miguu kama mwenye kifafa, anapoteza fahamu. Asipopata msaada anaweza kufa.

Mtu atauliza kwani mchana haishuki? Inashuka sana tu, lakini mchana mwili unapiga kelele. Unatetemeka, moyo unaenda mbio, njaa ya ghafla, jasho, hiyo ni adrenalini, homoni ya mwili ya hatari, inafanya kazi yake, mtu anajua anakimbilia kitu kitamu yanaisha. Ukiwa usingizini ile adrenalini inatoka kidogo, mlio wenyewe unakuwa mdogo na wewe umelala, kwa hiyo sukari inaweza kukaa chini masaa mawili matatu hakuna aliyejua. Na ukishazoea kushuka mara kwa mara mwili unachoka kupiga kelele hata mchana, mtu anafika 2.5 anaongea na wewe vizuri anakwambia najisikia poa. Hao ndo wa kuogopewa zaidi. Wanaotumia baadhi ya dawa za presha na moyo zile za kupunguza mapigo nao dalili zinafichika, kinachobaki ni jasho tu.

Kuna utafiti mkubwa ulifanyika Marekani na Kanada ukaisha mwaka 1993, unaitwa DCCT, watu 1,441 wa aina ya kwanza. Ule ndo ulithibitisha kwamba ukiibana sukari vizuri unaokoa macho, figo na mishipa ya fahamu, na ndo maana mpaka leo kila kliniki inakwambia ibane. Lakini utafiti huohuo ulionyesha waliobanwa sukari walipata kushuka kubaya karibu mara tatu ya wenzao, na zaidi ya nusu ya matukio hayo yalitokea mtu akiwa usingizini. Habari mbili zimetoka sehemu moja, ya kwanza imefika kwenye mabango ya ukutani, ya pili haijafika hata kwenye makala yenu, ndo kinachoniuma.

Sasa nirudi kwangu maana kuna kosa tulilifanya wote. Usiku ule kwa hofu nilimpa juisi chupa nzima, afu maji ya sukari, afu mkate na asali, sikusubiri, nilikuwa natetemeka kuliko yeye. Akarudi, akanitambua, akalala. Asubuhi akapima 16. Akaandika kwenye daftari lake 16, manake daftari lina sehemu ya asubuhi, mchana na jioni, ya usiku haipo. Yale mambo yakajirudia wiki iliyofuata na nyingine tena, na kila mara mimi na chupa ya juisi, na kila asubuhi 14, 15, 16. Siku ya kliniki daktari akafungua daftari akaona asubuhi zote ziko juu, akasema insulini ya jioni haitoshi, akaongeza yuniti 4. Simlaumu peke yake, foleni ilikuwa mpaka nje na mume wangu hakumwambia, angemwambia nini wakati yeye mwenyewe hakumbuki? Anayekumbuka nilikuwa mimi, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje.

Akaendelea hivohivo, kipimo cha miezi mitatu kikatoka 6.6 akapongezwa. Pongezi! Kile kipimo ni wastani jamani, ukichanganya za juu na za chini zinatoa namba nzuri, hakikuonyeshi kwamba huyu mtu usiku anazama. Tulirudi nyumbani yeye anafurahi mimi moyo umekaa vibaya bila kujua kwanini.

Kilichotuokoa ni nesi mmoja siku nyingine kabisa, alinikuta pale nje akauliza tu kwa kawaida, mama, huyu usiku analalaje? Nikamwaga yote. Akatuambia twende tukapime saa tisa usiku kwa siku kadhaa mfululizo, tutege simu, tuamke, tuandike hata kama ni pembeni ya daftari. Tukapata 3.1, 4.0, 2.8. Ndo daktari akaelewa na dozi ikashushwa.

Nisisitize hapa kwasababu watu wanakosea sana, asubuhi ikiwa juu haimaanishi usiku ilishuka, na haimaanishi haikushuka. Inaweza kuwa juu kwasababu insulini ya jana imeisha nguvu, inaweza kuwa homoni za alfajiri ambazo mwili unazitoa wenyewe ukijiandaa kuamka zinapandisha sukari, inaweza kuwa kama sisi, mlimlisha kupita kiasi saa tisa. Zamani walifundisha kwamba sukari ikishuka usiku mwili wenyewe unaipandisha asubuhi, siku hizi wataalamu wanabishana sana juu ya hilo tangu zije sensa, vile vifaa vya kubandika mwilini vinavyopima sukari mfululizo. Kwa hiyo huwezi kukisia. Pima saa nane au saa tisa usiku ndo ujue.

Kwetu chanzo kilikuwa muda. Alikuwa anachoma insulini ya mchanganyiko, ile ya maziwamaziwa, saa moja jioni kabla ya kula, na ile sehemu yake inayofanya kazi polepole inafika kileleni kuanzia masaa 4 mpaka kama 10 baadae. Hesabu mwenyewe, saa tano usiku mpaka alfajiri, insulini iko na nguvu zote na tumbo tupu. Sasa hivi daktari kamhamishia kwenye ile ya muda mrefu isiyo na kilele kikubwa, na ya chakula anachoma peke yake wakati wa kula. Sisemi kila mtu ahamie huko, na tafadhali mtu asijibadilishie mwenyewe baada ya kusoma barua yangu, nasema uliza ya kwako inafika kileleni saa ngapi.

Afu yule nesi alifanya kitu kingine sijakisahau. Alimlaza mume wangu akapitisha vidole tumboni taratibu, kulia kwa kitovu akasimama, akanishika mkono wangu akaniwekea pale nisikie. Kulikuwa na kivimbe laini kama yai chini ya ngozi, nimelala na huyu mtu miaka yote sikuwahi kukijua. Akasema ni kwasababu anachoma palepale kila siku, panakufa ganzi hapaumi ndo maana anapapenda, lakini insulini ikiingia kwenye kivimbe hainyonywi vizuri, leo inaingia kidogo kesho nyingi, sukari inabaki juu unaongezewa dozi, siku ukichoma pembeni kwenye ngozi nzima dozi ileile inaingia yote na usiku unaanguka. Kwa hiyo ukigundua una kivimbe usihame kimyakimya na dozi ileile, mwambie daktari kwanza maana mara nyingi inabidi apunguze. Pitisheni vidole kwa wenzenu, kwa kweli.

Kuna mengine yanayoshusha usiku ambayo tumejifunza kwa kuangalia. Kazi nzito au mazoezi ya jioni, misuli inaendelea kuvuta sukari kujaza akiba yake masaa mengi baadae, unaweza kucheza mpira saa kumi na moja ukaanguka saa nane usiku, hata kesho yake bado. Pombe nayo, ini likishughulika na pombe linaacha kutengeneza sukari mpya, na ubaya wake ni kwamba mtu akianza kuyumba na kuropoka watu wananusa harufu wanasema kalewa mwacheni alale, mtu anaachwa afe hivihivi. Au mtu kapima kabla ya kulala kakuta 13 kajiongezea insulini ya haraka, wakati ile ya chakula cha jioni bado iko mwilini, hiyo ya haraka inakaa kama masaa 3 mpaka 5, zinabebana. Na kuna wanaokosea kalamu ya kuchomea insulini kabisa, anataka achome ya muda mrefu kashika ya haraka kwa usingizi, yuniti 20 zote, ikitokea hivo usilale, kula, pima kila baada ya muda mfupi, na piga simu hospitali usione aibu.

Na wasidhani ni ya wenye sindano tu. Vidonge vingine vinalazimisha kongosho kutoa insulini hata kama hujala, glibenklamaidi ndo mkorofi zaidi manake inakaa mwilini muda mrefu, na figo zikichoka inajikusanya. Shirika la Afya Duniani kwenye orodha yake ya dawa muhimu linasema glibenklamaidi haifai kwa waliozidi miaka 60, wanataja gliklazaidi badala yake. Lakini wazee wangapi bado wanaimeza? Bibi akiamka usiku anaongea ovyo, hajui chumba ni kipi, watu wanasema ni uzee au kiharusi, pima sukari kwanza. Na iliyoshushwa na vidonge hivyo hata ukiipandisha inaweza kushuka tena baada ya masaa, kwa hiyo apelekwe hospitali akaangaliwe. Metifomini ikiwa peke yake ni nadra kushusha hivyo, wanaotumia hiyo tu wasiingiwe na hofu.

Ukimkuta imeshuka na anaweza kumeza, ni gramu 15 za sukari ya haraka, yaani vijiko vitatu au vinne vya chai kwenye maji, au nusu kikombe cha juisi, au soda ya kawaida sio ile isiyo na sukari. Subiri dakika 15, pima tena, bado iko chini rudia. Hizo dakika 15 ni ndefu kuliko unavyofikiria, mimi huwa naangalia saa ya ukutani nimemshika mkono, lakini ukishindwa kusubiri utafanya kama nilivyofanya mimi na kesho mtapandishiwa dozi bure. Ikipanda na asubuhi bado mbali apate kipande cha mkate au maziwa. Chokoleti sio ya dharura, mafuta yake yanachelewesha sukari. Na muoshe kidole kabla ya kupima, kikiwa na juisi kitakudanganya iko juu.

Akiwa hajitambui usimtie kitu chochote mdomoni, sio sukari sio maji, itaingia kwenye mapafu. Mlaze ubavu, usimchome insulini, na kama mna glukagoni, dawa ya dharura ya kupandisha sukari, ndo wakati wake, sindano ya miligramu 1 kwa mtu mzima pajani, au ile ya puani iliyoruhusiwa Marekani 2019, afu hospitali haraka akawekewe sukari ya mshipani. Glukagoni inalifanya ini litoe akiba yake, kwa hiyo aliyekunywa pombe sana au aliyekaa njaa muda mrefu inaweza isimsaidie sana, usikae kuisubiri. Na ujifunze kuichanganya mchana ukiwa umetulia, saa tisa usiku mikono haisomi maelekezo.

Wenye uwezo wa kupata sensa ya mkononi inayolia sukari ikishuka, hiyo ni nafuu kubwa, na kuna pampu zinazosimamisha insulini zenyewe zikiona inaelekea chini. Ila nayo ina mambo yake, ukiilalia inaweza kusoma chini uongo, na inachelewa dakika kadhaa nyuma ya damu, kwa hiyo ikilia na hali haieleweki hakikisha kwa kidole, na kama huna uhakika na huna cha kupimia mpe sukari kwanza. Na simu isiwe bila sauti. Wasio na sensa, simu yoyote inayolia saa tisa inatosha, sio kila siku maisha yote, ni siku ile alifanya kazi ngumu, kabadilishiwa dozi, anaumwa, au hakula vizuri. Kabla ya kulala apime kila siku. Wa kwangu tulikubaliana na daktari asilale chini ya 6.5, akiwa chini anakula kidogo kwanza, ya kwako ulizia kwa daktari wako maana wazee na wenye figo mbovu wanawekewa juu zaidi.

Nataka niseme na kitu kingine ambacho hakisemwi kabisa, hofu. Baada ya tukio la tatu mume wangu alianza kula kabla ya kulala hata kama ana 12, na siku nyingine akawa anaruka sindano ya jioni ananiambia kachoma. Nilikuta kalamu haijapungua. Sikugombana naye, nilikaa pembeni ya kitanda nikamuuliza unaogopa nini, akasema naogopa kutoamka. Mtu mzima, baba wa watoto. Hao watu wanaoitwa wakaidi kliniki kwasababu sukari yao iko juu, wengine sio wakaidi, wameogopa usiku, na ukimkaripia humtoi kwenye hofu unamfundisha kudanganya vizuri zaidi. Alipotulia ni pale alipoona saa tisa kuna mtu anaamka na namba inaandikwa.

Wanaolala peke yao nawafikiria sana. Nina ndugu yangu wa namna hiyo, tumekubaliana saa kumi na mbili asubuhi ananitumia ujumbe, asipotuma napiga, asipopokea jirani ana ufunguo. Sukari iko kwenye kikombe kichwani pa kitanda sio jikoni, manake ukiwa na 2.5 jikoni ni mbali.

Kwa hiyo Ndugu Mhariri ombi langu, mkirudia kuandika kisukari muweke na usiku. Na kliniki zinazosoma gazeti hili, ongezeni sehemu ya saa tisa kwenye daftari, mimi ya kwetu nimeichora mwenyewe kwa rula, na mkimwita mgonjwa ndani mwiteni na anayelala naye. Muulizeni huyo kama shuka hulowa, kama anaweweseka, kama anaamka na kichwa kinauma na uchovu kama hakulala. Mume wangu nimemsomea barua hii kabla ya kuituma, na ile sehemu ya 2.1, ya jasho na yale maneno aliyonijibu, aliisikiliza kama habari ya mtu mwingine. Usiku ule haukumbuki hata kidogo.

Wasalaam,
Msomaji wenu, mke wa mwenye kisukari